Mwongozo Kamili wa Vyakula vya Sikukuu ya Shukrani: Supu ya Boga, Viazi vya Kuponda, Stafingi na Pai

Kila Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) ikikaribia, maswali ninayopata kutoka kwa Waswahili wa Marekani na Kanada ni yale yale. "Dada, mbona pai yangu imepasuka katikati?" "Mbona viazi vimenata kama gundi?" "Supu ya boga imekuwa maji matupu, nifanyeje?" Na wanaouliza ni wapishi hodari, watu wanaopika pilau ya arusi bila kushika kikombe cha kupimia.

Mkono wao hauna kasoro. Tatizo ni kwamba vyakula hivi vinataka kinyume cha tulichozoea. Donge la pai halitaki kukandwa, boga halitaki kuchemshwa, viazi havitaki kupigwa. Na nyuma ya karibu kila malalamiko kuna kitu kimoja: maji. Ama yamebaki ndani ya chakula yalipotakiwa kutoka, ama yameongezwa na mpishi aliyeogopa ukavu. Ukisoma mwongozo huu ukilitazama hilo tu, utafaulu.

Bata mzinga, nyama kuu ya sikukuu hii, namwachia mwenyeji wako. Mgeni huambiwa alete supu, kitu cha kuliwa pembeni ya nyama, au kitamutamu, na hivyo ndivyo tutakavyopika. Marekani sikukuu ni Alhamisi ya nne ya Novemba, Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Nimepanga kazi kwa siku za Marekani. Aliye Kanada ahesabu siku mbili kabla, siku moja kabla, na siku yenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vipimo vyote ni vya watu wanane. Kikombe ninachokitaja ni kile cha kupimia cha Marekani, mililita 240.

Kwa sosi ya kranberi (matunda madogo mekundu yenye uchachu): pakiti moja ya kranberi mbichi au zilizogandishwa (gramu 340), sukari kikombe 1 (gramu 200), maji kikombe 1, chumvi kidogo, ganda la chungwa ukipenda.

Kwa ganda la pai: unga mweupe wa ngano kikombe 1 na robo (gramu 160), siagi baridi gramu 115, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari kijiko 1 cha chai, maji ya barafu vijiko vya chakula 3 hadi 4.

Kwa ujazo wa pai: kopo moja la boga lililosagwa (gramu 425), kopo moja la maziwa mazito yasiyo na sukari (evaporated milk, mililita 354), mayai makubwa 2, sukari robo tatu ya kikombe (gramu 150), chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini kijiko 1 cha chai, tangawizi ya unga nusu kijiko, karafuu ya unga robo kijiko.

Kwa supu: boga aina ya butternut la kilo 1.2 hadi 1.4, kitunguu maji kikubwa 1, tufaha 1, vitunguu saumu punje 3, tangawizi mbichi kipande kidogo, mchuzi wa kuku au wa mboga mililita 750, tui zito la nazi nusu kikombe, ndimu 1, mafuta, chumvi.

Kwa stafingi (mkate uliochanganywa na vitunguu na majani ya viungo, ukaokwa): mkate mweupe gramu 500, siagi gramu 115, vitunguu maji 2, mabua ya seleri 4, majani ya seji na thaimu, mchuzi wa kuku mililita 500 hadi 600, mayai 2.

Kwa viazi vya kuponda: viazi mbatata kilo 1.5, siagi gramu 115, maziwa kikombe 1, chumvi.

Vyombo: sahani ya pai ya sentimita 23 yenye kina, mti wa kusukumia chapati, karatasi ya kuokea, foili, maharage makavu nusu kilo (si ya kula, utaona kazi yake), trei mbili, kiponda viazi cha mkono, blenda. Nunua na kipimajoto cha chakula. Ni cha bei ndogo, na ndicho kitakachokukatia ubishi wa kama chakula kimeiva.

Uangalifu dukani. Makopo ya boga ni ya aina mbili na hukaa rafu moja. Moja ni boga tupu, jingine limeshatiwa sukari na viungo. Soma orodha ya viambato: unalotaka limeandikwa boga peke yake. Maziwa nayo ni hivyo hivyo. Yale ya kopo yenye sukari, tunayoyajua kwenye chai na keki, yataifanya pai tamu isiyolika.

Usinunue boga kubwa la rangi ya machungwa wanalolichonga sura kwa ajili ya Halloween. Lina nyuzi, lina maji, halina ladha.

Kwa msomaji Mwislamu: uliza mchuzi wa dukani umetengenezwa na nini, na ujue kwamba stafingi za watu wengi hutiwa soseji ya nguruwe. Mashmelo (peremende laini kama sponji) zinazomwagwa juu ya viazi vitamu mara nyingi zina gelatini ya nguruwe. Tafuta zenye alama ya halali au uziache kabisa.

## Jumanne: kazi zinazopenda kulala

### Hatua ya 1. Sosi ya kranberi

Tia maji na sukari kwenye sufuria, zichemke, kisha mimina kranberi na chumvi. Punguza moto na ziache zitokote dakika 10 hivi. Utasikia matunda yakipasuka. Mengi yakishapasuka, epua.

Hapa ndipo watu huharibu. Sosi ikiwa moto huonekana nyepesi, mpishi akaingiwa na wasiwasi, akatia unga wa mahindi au akaendelea kuichemsha nusu saa. Usifanye hivyo. Kranberi zina pektini nyingi, kitu cha asili kinachogandisha jamu, na pektini hushika sosi ikipoa. Ukiichemsha mno itakuwa ngumu na chungu.

*Umefaulu ikiwa:* asubuhi yake, ukiichota kwa kijiko, inakaa bila kutiririka.

### Hatua ya 2. Donge la pai

Sahau chapati. Kwenye chapati tunakanda mpaka donge lilainike na kuvutika, kwa sababu tunataka utando wa ngano uwe imara. Ganda la pai linataka utando huo uwe dhaifu, na vipande vya siagi vibaki vizima ndani ya unga. Vikifika kwenye oveni, siagi inayeyuka, maji yake yanageuka mvuke, mvuke unainua tabaka. Ukikanda, umezifuta tabaka zote.

Changanya unga, chumvi na sukari. Kata siagi vipande vidogo ikiwa imetoka friji sasa hivi, itie, kisha ifinye kwa ncha za vidole hadi upate vipande vya ukubwa wa njegere. Fanya haraka, viganja visiiyeyushe.

Nyunyiza maji ya barafu kijiko kimoja kimoja ukichanganya kwa uma. Kamata kiasi mkononi ubane: likishikana, acha maji. Donge litaonekana kama halijatosheka, na mkono utataka kuongeza. Uzuie. Maji ya ziada ndiyo yanayofanya ganda liwe gumu na lisinyae.

Likusanye, libonyeze liwe duara bapa, lifunge vizuri na uliweke kwenye friji. Saa moja inatosha, siku mbili hazidhuru.

*Umefaulu ikiwa:* donge limeshikana, lina nyufa kidogo pembeni, na unaona madoa ya siagi ndani yake.

### Hatua ya 3. Kausha mkate

Kata mkate vipande vya sentimita 2, utandaze kwenye trei, uoke kwa nyuzi 120 za Selsiasi (Farenhaiti 250) dakika 45 hadi 60, ukigeuza mara moja moja. Shabaha ni kukausha, si kubabua. Mkate ulioachwa mezani siku mbili huonekana mkavu ilhali maji yake mengi bado yamo ndani. Ukiumwagia mchuzi unageuka uji. Mkate uliokaushwa motoni una nafasi ya kunywa mchuzi na kubaki na umbo.

*Umefaulu ikiwa:* kipande kinavunjika kwa sauti hadi katikati. Poza, funika kwa kitambaa, acha mezani.

## Jumatano: boga

### Hatua ya 4. Oka ganda la pai kwanza, likiwa tupu

Wengi huruka hatua hii, kisha wanashangaa chini ya pai kuna unga mbichi uliolowa. Ujazo wa pai ya boga ni majimaji, na ganda bichi likikutana nayo linayanywa kabla halijaiva.

Nyunyiza unga mezani, sukuma donge kutoka katikati kwenda nje, ukilizungusha, hadi liwe na upana wa sentimita 30 hivi. Lilaze kwenye sahani bila kulivuta. Ukilivuta, litajirudi kwenye oveni na kingo zitaanguka. Kunja kingo, zibane kwa vidole, weka sahani kwenye friji nusu saa.

Washa oveni nyuzi 190 (Farenhaiti 375). Tandika karatasi ya kuokea ndani ya ganda na ujaze maharage makavu hadi juu kabisa. Maharage yanazuia ganda lisifure na kingo zisiteleze. Oka dakika 25. Toa karatasi na maharage, rudisha ganda dakika 8 hadi 10.

*Umefaulu ikiwa:* chini ni pakavu, pana rangi ya dhahabu hafifu, hapana sehemu inayong'aa mafuta. Maharage hayo weka kwenye kopo kwa ajili ya pai nyingine.

### Hatua ya 5. Kaanga boga kabla ya kulitia maziwa

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiache hata ukiwa na haraka. Wakati ganda linaokwa, mimina boga la kopo kwenye sufuria pamoja na sukari, chumvi, mdalasini, tangawizi na karafuu. Koroga kwa moto wa wastani dakika 5 hadi 7.

Kazi mbili zinafanyika hapo. Maji ya ziada yanatoka, na ile harufu ya kopo inaondoka, huku viungo vikifunguka kwenye joto kama vinavyofunguka kwenye mchuzi wowote mzuri. Boga litakuwa zito, jeusi kidogo, linang'aa, na ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi kwa muda.

Epua. Koroga maziwa ndani yake, hapo litapoa. Piga mayai pembeni, uyamimine polepole ukikoroga. Usitie mayai kwenye boga linalotokota, utapata mayai ya kuvuruga. Chuja mchanganyiko wote kwenye chujio ili nyuzi na mabonge yabaki juu.

Ukitaka kutumia boga bichi badala ya kopo, chukua butternut, lioke kama hatua ya 7, lisage, kisha likaange hivi hivi hadi lipungue vizuri. Linakubali kabisa. Ila nasema wazi, kopo ni chaguo zuri, na huna haja ya kuliona aibu.

### Hatua ya 6. Oka pai

Punguza oveni hadi nyuzi 175 (Farenhaiti 350). Mimina ujazo ukiwa vuguvugu ndani ya ganda lililo bado moto. Vyote viwili vikiwa na joto, ujazo huanza kushika mapema na hauna muda wa kulowesha chini. Ukibaki, uoke kwenye kikombe kidogo, ni haki ya mpishi.

Anza kuangalia baada ya dakika 35. Kingo zikiungua kabla ya katikati kuiva, zifunike kwa vipande vya foili.

Sasa lile swali la nyufa. Ujazo huu unashikwa na mayai. Yakipata joto la kutosha yanashikana taratibu na kuubeba unyevu. Yakizidishiwa, yanajikaza, yanakamua maji nje, uso unapasuka. Nyufa na maji juu ya pai ni ugonjwa mmoja: imekaa ndani mno. Na wanaokosa hapa ni waangalifu hasa, wale wanaochoma kijiti wakisubiri kitoke kikavu kama kwenye keki. Kijiti kikitoka kikavu katikati ya pai ya boga, umeshachelewa.

*Umefaulu ikiwa:* kingo zimeinuka kidogo na kushika, na ukitikisa sahani kwa upole, katikati panatetemeka pamoja, hapachezi kama maji. Kipimajoto katikati kisome nyuzi 80 (Farenhaiti 175). Toa, joto lililobaki litamalizia.

Ipoe juu ya waya saa mbili, bila kufunikwa, kwa sababu mvuke ukikwama chini ya foili utarudi kuwa matone juu ya pai. Kisha iingie friji. Ni chakula cha mayai na maziwa, hakilali mezani.

### Hatua ya 7. Supu ya boga

Kwetu boga huchemshwa, na likitiwa tui likawa futari, hapana neno, maji yake yanakuwa sehemu ya rojo. Kwa supu hii, boga la kuchemsha linatoa ladha ya maji. Lioke.

Pasua butternut kwa urefu, toa mbegu, paka mafuta na chumvi, laza upande uliokatwa chini kwenye trei. Weka na kitunguu kilichokatwa vipande vikubwa na tufaha. Oveni nyuzi 220 (Farenhaiti 425), dakika 45 hadi 60. Unataka kisu kipite bila kizuizi na upande uliogusa trei uwe na rangi ya kahawia. Rangi hiyo ndiyo ladha. Ukitoa boga likiwa limelainika tu lakini jeupejeupe, supu itahitaji kubembelezwa na sukari.

Kaanga vitunguu saumu na tangawizi kidogo kwenye mafuta, chota nyama ya boga uitie pamoja na kitunguu na tufaha, kisha mchuzi mililita 500 tu. Chemsha dakika 10, saga.

Onyo: supu ya moto ndani ya blenda iliyofungwa kabisa hurusha kifuniko na kuunguza mtu. Jaza nusu, toa kizibo kidogo cha juu, funika tundu kwa taulo, anza kwa mwendo wa chini.

Irudishe sufuriani, tia tui, ongeza mchuzi uliobaki kidogo kidogo. Wamarekani hutia krimu. Tui linakaa vizuri zaidi na boga, na meza nzima itakuuliza umetia nini. Malizia na ndimu. Bila tone la uchachu, utamu wa boga unachosha baada ya vijiko vichache.

*Umefaulu ikiwa:* ukichovya mwiko na kupitisha kidole mgongoni mwake, mstari unabaki. Ikiwa nyepesi, usitie unga. Ichemshe bila kifuniko maji yapungue.

## Alhamisi: vinavyoliwa vikiwa moto

### Hatua ya 8. Stafingi

Kaanga vitunguu na seleri kwenye siagi kwa moto mdogo hadi vilainike kabisa, dakika 10 au zaidi, kisha tia seji na thaimu. Changanya na mkate. Piga mayai ndani ya mchuzi mililita 500, mimina, geuza, subiri dakika 10. Kipande kikiwa bado kikavu ndani, ongeza mchuzi. Chini ya bakuli pasituame kitu.

Oka kwa nyuzi 175, ukiwa umefunika foili dakika 25 hadi 30, kisha bila foili dakika 15 hadi 20 ili juu paliwe kwa mlio. Katikati pafike nyuzi 74 (Farenhaiti 165).

Usiijaze tumboni mwa bata mzinga hata ukiambiwa ndivyo bibi alivyofanya. Maji ya nyama mbichi huingia ndani ya mkate, na mkate ulio katikati ndio wa mwisho kupata joto. Ukisubiri uwe salama, kifua cha ndege kimeshakauka.

### Hatua ya 9. Viazi vya kuponda

Chagua viazi vya Yukon Gold, vyenye nyama ya njano, au Russet. Vile vidogo vyekundu ni vya saladi, vikipondwa vinanata.

Menya, kata vipande sawa vya sentimita 4 hadi 5, suuza. Anza na maji baridi yenye chumvi. Ukivitia kwenye maji yanayochemka, nje vinavurugika ndani vikiwa vigumu. Vichemke polepole dakika 15 hadi 20, hadi kisu kiingie na kutoka bila kuinua kiazi.

Mwaga maji yote, rudisha viazi kwenye sufuria ile ile juu ya moto mdogo, tikisa dakika moja au mbili. Mvuke utapanda na viazi vitapata weupe wa vumbi juu. Hayo ni maji yanayoondoka ili siagi ipate pa kuingia.

Ponda kwa mkono vikiwa moto sana. Tia siagi kwanza, yote, kisha maziwa yaliyopashwa, kidogo kidogo. Siagi ikitangulia inaizunguka wanga kabla ya majimaji kuifikia. Maziwa ya friji yanavipoza na kuvifanya vizito.

Onyo: blenda isikaribie. Visu vyake vinapasua chembe za viazi, wanga wote unamwagika, na hakuna dawa ya kuurudisha. Hata kwa mkono, vikishalainika, acha. Nguvu ya kusonga mukimo hapa haitakiwi.

*Umefaulu ikiwa:* mwiko unaacha vilima laini vinavyokaa, na ukiinua, viazi vinadondoka badala ya kuvutika. Vikisubiri wageni, viweke kwenye bakuli lililofunikwa juu ya sufuria ya maji ya moto, hadi saa moja.

Ukilazimika kupeleka viazi vitamu pia, jua kwamba vile vya rangi ya machungwa vya huko vina maji na sukari kuliko vyeupe tulivyovizoea. Vioke na maganda yake, usivichemshe, na punguza sukari ya mapishi yoyote kwa nusu.

## Kubeba na kupakua

Supu iliyolala friji ichemshe tena, kisha ibebe kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Itafika ikifuka mvuke. Pai iwe baridi kutoka friji, sakafuni mwa gari, kamwe si kitini, maana kiti kimeinama. Stafingi ifungwe foili na taulo nene, na ukifika mwombe mwenyeji dakika 10 za oveni.

Chakula kikishatoka motoni au frijini, kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Mabaki yaingie friji kwenye vyombo vifupi ili yapoe upesi, na siku ya pili yapashwe hadi nyuzi 74. Pai na sosi ya kranberi hazipashwi. Pai ikate kwa kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa kila baada ya kipande.